Fungu la mchicha na hesabu ya watu sita

Neno ujasiriamali halina umri mkubwa katika Kiswahili. Waliouza nazi, ng'ombe na kahawa zamani waliitwa wafanyabiashara, wachuuzi au matajiri, na bei ikipanda wenye ulimi mkali waliwaita walanguzi. Mjasiriamali alikuja baadaye, uchumi ulipofunguliwa milango, akaundwa kwa ujasiri na mali. Ni neno lenye mshindo. Lakini ukilitazama vizuri, ndani yake yupo mtu mmoja tu na mali yake mbele yake. Hamna mteja, hamna mwenzake wa upatu anayemvusha mwezi mgumu, wala jirani wa kumwangalizia kibanda akienda msibani. Yeyote aliyekaa sokoni nusu siku anajua kwamba mtu wa namna hiyo hayupo. Sasa neno hilo limo katika hotuba za elimu, na linaelekezwa mpaka kwa watoto wa darasa la tatu na la nne. Inafaa liulizwe maswali mawili matatu kabla halijapewa dawati.

Shule ya msingi ina kila sababu ya kufundisha biashara ndogo. Ninachokikataa ni sababu inayotajwa majukwaani, kwamba ajira hazitoshi, basi mtoto aanze mapema kujifunza kujiajiri. Huko ni kumtwisha mtoto wa miaka kumi mzigo ambao watu wazima wenye wizara na mabenki hawajaweza kuutua. Faida yenyewe iko kwingine. Biashara ndogo ya darasani ni mojawapo ya njia rahisi tulizonazo za kuwafundisha watoto kufanya kazi pamoja: kupanga, kugawana majukumu, kubishana bila kugombana, kutunza kumbukumbu, na siku mambo yakiharibika kukaa chini na kuulizana wamekosea wapi. Fedha humo inafanya kazi ya mizani. Inawaonyesha watoto kwamba kazi yao imefaa au haikufaa, nayo haina upendeleo wa mwalimu wala huruma ya mama.

Sababu ya majukwaani ina asili ya heshima. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Hesabu iliyomsumbua ilikuwa wazi: kati ya watoto waliokuwa wanamaliza shule ya msingi, asilimia 13 tu ndio waliokuwa na nafasi sekondari. Asilimia 87 walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa, ilhali walikuwa wamehitimu elimu yote ambayo nchi iliweza kuwapa. Ndipo akataka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, shule iwe na shamba au karakana, na kazi za mikono zipewe uzito wake. Kwa hesabu ile, nani angepinga mtoto wa shule ya msingi kufundishwa njia za kujipatia riziki? Ila hesabu ya leo imebadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari, na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 imefungua mkondo wa amali huko sekondari, ambako ufundi, kilimo na biashara vimepewa mahali pake. Shule ya msingi imetuliwa mzigo wa kumwandaa mtoto kwenda moja kwa moja kutafuta maisha. Itakuwa ajabu tukimrudishia mzigo uleule kwa jina jipya.

Nusu ya pili ya waraka ule, kwa bahati mbaya, ndiyo iliyosomwa kidogo. Nyerere alisisitiza kwamba wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba lao, waone matunda ya jasho lao na wanufaike nayo, na alionya dhidi ya elimu inayojenga ubinafsi badala ya ushirikiano. Utekelezaji katika shule nyingi ukabaki na jembe, maamuzi yakawekwa kando. Watoto walilima, mavuno wakayasikia kwa mbali. Jembe likageuka adhabu ya aliyechelewa namba, na mradi wa EK, kama tunavyouita mpaka leo, ukawa wa mwalimu wa EK. Ukitaka kujua kwa nini wazazi wengine wanakunja uso wakisikia mradi wa shule, chanzo ni hicho. Aliyefyeka majani miaka saba asijue mahindi yalikwenda wapi hawezi kuambiwa kwamba alifundishwa kujitegemea.

Ushahidi bora nilioukuta kuhusu somo hili kwa watoto wa umri huo unatoka Uholanzi. Laura Rosendahl Huber, Randolph Sloof na Mirjam van Praag walichunguza programu ya BizWorld inayofundishwa darasa la mwisho la shule ya msingi, na mwaka 2014 wakachapisha matokeo yao. Watoto zaidi ya elfu mbili, wa miaka 11 na 12, walihusika; madarasa mengine yalipata programu, mengine yakasubiri ili yalinganishwe. Kwa siku tano watoto wanaunda kampuni za watu watano au sita, wanaomba vyeo vya mkurugenzi, mhasibu na mkuu wa uzalishaji, wanatengeneza vikuku vya nyuzi vya urafiki na kuviuza. Watafiti waliangalia mambo matatu. Katika ujuzi wa biashara, yaani kujua mtaji ni nini na faida inapatikanaje, hawakuona ongezeko. Katika tabia, ongezeko lilikuwapo: mtoto kujiamini kwamba anaweza, kuthubutu, kustahimili, kubuni, kuanzisha jambo bila kusukumwa. La tatu ndilo lililowashangaza wengi. Waliopitia programu walisema kwa uchache zaidi kwamba wanataka kuwa na biashara zao.

Wapo watakaosema programu imefeli, kwa kuwa imepunguza wajasiriamali watarajiwa. Mimi naona mtoto aliyekaa siku tano akibishana juu ya bei ya kikuku ameonja ugumu wa biashara, akapunguza ndoto zake kidogo kwa akili zake mwenyewe. Ndiyo kazi ya elimu hiyo. Kasoro ya utafiti ule naiona kwingine: zile tabia zilipimwa kwa watoto kujibu maswali kuhusu wao wenyewe, na mtoto aliyetoka kwenye wiki ya shamrashamra anaweza kujipa alama za ukarimu. Hata tukizipunguza, kilichofanya kazi mle, kwa maoni yangu, kinaonekana. Notisi za mtaji hazikuzaa kitu. Kilichozaa ni kile kikundi, na vile vyeo ambavyo kila mmoja aliomba na kutolea jasho.

Ghana inatoa onyo lenye uzito zaidi kwetu. James Berry, Dean Karlan na Menno Pradhan walilinganisha aina mbili za mafunzo katika shule 135. Kundi la kwanza lilifundishwa mambo ya fedha na akiba pekee. La pili lilipata programu ya Aflatoun, iliyoanzia Mumbai kwa Jeroo Billimoria, ambayo inachanganya akiba na elimu ya jamii: mtoto kujitambua, haki zake, wajibu wake kwa wenzake. Makundi yote mawili yaliweka akiba zaidi shuleni. Lakini watoto waliofundishwa fedha tupu walionekana kufanya kazi za kipato zaidi kuliko wale ambao hawakufundishwa chochote, na ongezeko hilo halikuonekana kwa wale wa Aflatoun. Huenda chanzo ni tofauti ya mtaala. Mtoto anayeambiwa kila wiki kwamba fedha ni kitu kizuri ataifuata fedha ilipo, na kwa mtoto wa Kiafrika ipo barabarani, kwenye sinia la karanga na ndoo ya ubuyu. Kwa hiyo anayeuliza kama somo hili halitazaa ajira ya watoto anauliza swali la haki. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, tena nyepesi. Mradi wa darasani usiotaka kuipinda sheria hiyo uwe wa saa za shule, uwe wa kikundi, na mazao yake yauzwe ndani ya jumuiya ya shule. Mtoto hatumwi stendi.

Tuuone kwa karibu. Watoto sita wa darasa la tano wamepewa tuta moja la mchicha, zao linalofaa kwa sababu linavunwa ndani ya wiki tatu au nne, kabla hamu ya mtoto haijaisha. Mbegu za shilingi 2,000. Kamba za kufungia, 500. Maji ya dumu, madumu 20 kwa shilingi 100, yaani 2,000 nyingine. Samadi imetoka kwa mzazi, nayo inazua ubishi wa kwanza: je, kitu cha bure kinaandikwa katika daftari la matumizi? Mavuno yanatoa mafungu 60, na bei ni 200. Ijumaa jua ni kali, walimu wamewahi kuondoka, mafungu 11 yananyauka. Yameuzwa 49, yaani shilingi 9,800. Matumizi yalikuwa 4,500. Faida ni 5,300. Mpaka hapa ni hesabu ya ubaoni ambayo mwalimu angeweza kuitunga bila mchicha wowote.

Kinachofuata hakitungiki. 5,300 gawanya kwa sita ni 883, na baki 2. Baki inakwenda wapi? Mmoja anasema iwekwe akiba, mwingine apewe aliyeshika ndoo siku nyingi. Hapo linafufuka la Jumatano. Kuna aliyetegea zamu, mche wa upande wake ukadumaa. Je, apate 883 kama wengine? Mtetezi wake anakumbusha kwamba siku ile alikuwa na homa. Mwingine anauliza kwa nini basi hakusema, wangebadilishana zamu. Na kuna la Ijumaa: nani aliamua wavune mafungu yote kwa siku moja, badala ya kuvuna nusu Jumatatu? Mwenyekiti anasema waliamua wote. Daftari linafunguliwa, na kumbe hakuna aliyeandika uamuzi huo. Watoto wa miaka 11 wamejikuta wanajadili haki, ugonjwa, taarifa, hatari na kumbukumbu za kikao kwa sababu ya shilingi 883, na mwalimu hajaandika neno ubaoni. Kazi yake ni kuuliza maswali na kuzuia ngumi. Kabla ya wiki ya pili atalazimika pia kuangalia vyeo vimekaaje, maana tukiwaachia mazoea, mvulana atakuwa mwenyekiti, msichana atakuwa mwenye ufagio, na hivyo ndivyo itakavyobaki mpaka muhula uishe. Vyeo vizungushwe kwa ratiba, kila wiki, bila kura.

Wapo wasiopenda kazi ya kikundi kwa sababu wanajua mwisho wake: wawili wanafanya, wanne wanaandikisha majina. Wako sahihi, na kutegea si tabia ya Waafrika wala ya watoto. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na katika taarifa yake ya 1913 alionyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, kila mmoja alivuta chini ya uwezo wake. Tiba ipo. Mwaka 1971, huko Austin, Texas, shule zilizokuwa zimetoka tu kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko zilikuwa na vurugu, na Elliot Aronson na wanafunzi wake wakabuni njia ambayo kila mtoto wa kikundi anapewa kipande chake cha somo, akisome vizuri, kisha akawafundishe wenzake. Hakuna awezaye kulielewa somo zima bila kumsikiliza kila mmoja, akiwemo yule anayebabaika kusoma. Kanuni yake inahamia kwenye tuta la mchicha bila shida: kazi ya kila mtoto ionekane na ijulikane kuwa yake, na isiwepo nyingine ya kuziba pengo lake. Sita wanatosha kwa hilo. Kumi na wawili ni wengi mno, watategeana.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la kusoma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, tathmini za mpango wa Uwezo, unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zimekuwa zikionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mtu akiniambia mtoto ajue kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu, sina jeuri ya kumbishia. Ndiyo maana sitaki mradi uanze kabla ya darasa la nne, wala sitaki uwe somo jipya lenye kitabu chake na vipindi vyake. Tuta la mchicha lina hesabu za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya zenye baki; lina kikao kinachohitaji kuandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, na tangazo la kubandika mlangoni mwa ofisi ya walimu. Vipindi viwili vya hesabu na kimoja cha Kiswahili kwa wiki, kwa mwezi mmoja, vinatosha kuubeba. Tena shule zetu nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo mtoto anabishana, anatetea na kujadili bei kwa lugha anayoimudu. Ni neema ambayo madarasa mengi ya bara hili hayana.

Kuhusu msongamano sina jibu la kujivunia. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye watoto 90 atakuwa na vikundi 15. Matuta 15 hayachungiki kwa siku moja. Anaweza kuanza na vikundi vitano kwa mwezi na vingine vikawa wanunuzi na wakaguzi wa daftari, kisha wakabadilishana. Itapwaya, lakini ukaguzi nao ni somo. Wazazi nao wana neno lao. Kenya ilipoanza kusambaza mtaala wa umilisi mwaka 2019, malalamiko makubwa nyumbani yalikuwa juu ya vifaa vya kununua na kazi ambazo mtoto hawezi kuzifanya bila mzazi. Mradi ukianza kudai vitu dukani umekufa. Kitakachobaki ni ushindani wa mifuko ya wazazi, na mtoto asiye na cha kuleta atajifunza jambo ambalo hatukukusudia kumfundisha.

Adui wa mwisho ni mtihani. Rwanda ilifanya ujasiriamali kuwa somo la lazima sekondari, na Catherine Honeyman, katika kitabu chake cha 2016, alieleza jinsi somo lililokusudiwa kuzaa vijana wabunifu lilivyorudi kwenye kunakili notisi, kwa kuwa mtihani wa taifa ulikuwa mbele na kila mtu alijua unauliza nini. Sisi hatuna haja ya kuvuka mpaka. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, Stadi za Kazi imeunganishwa na Maarifa ya Jamii katika karatasi moja, na mtahiniwa anaonyesha stadi zake zaidi kwa kuweka kivuli kwenye herufi moja. Sijui kazi ya mikono inayofanywa kwa kuweka kivuli, ukiacha uchoraji. Mtoto aliyekariri sifa tano za mjasiriamali atampita yule aliyepoteza mafungu 11 na kujua kwa nini, na shule itakayotaka wastani mzuri itafundisha sifa tano. Kwa hiyo naona ni heri mradi usitahiniwe kabisa. Mwalimu afungue daftari la kikundi, amwite mtoto mmoja yeyote wa kikundi hicho, amuulize ukurasa huu unasema nini. Akishindwa kueleza, kikundi kizima kinarudi mezani.

Linabaki lile la wakosoaji wa siasa, kwamba habari yote hii ya ujasiriamali ni mbinu ya kumwambia maskini kuwa umaskini ni kosa lake. Rwanda tena inawapa silaha. Moussa Blimpo na Todd Pugatch walichunguza mafunzo ya walimu wa ujasiriamali katika shule za sekondari 207: vijana waliofundishwa na walimu hao walijiingiza katika biashara zaidi, lakini ajira za mshahara zilipungua kwao kwa kiasi kilekile, na kipato cha jumla hakikuongezeka. Walihama kutoka benchi moja kwenda jingine. Anayeahidi kwamba somo litaumba ajira na ausome utafiti huo polepole. Mimi siahidi ajira, kwa hiyo haunidhuru. Watoto wanaojua kuweka daftari wazi na kumuuliza mwenyekiti kuhusu fungu lililopotea watakuja kuwa wanachama wa vikoba, wa vyama vya ushirika na wa kamati za shule. Wilayani kwetu humo ndimo fedha za watu zinamopotelea, mara nyingi kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuomba daftari lifunguliwe.

Mahitaji ni machache, na moja ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtaji wa shilingi 4,500 kwa kikundi unaweza kupatikana hata katika ruzuku ya uendeshaji, ambayo kwa mwanafunzi wa msingi kwa miaka mingi imekadiriwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Lakini siku mvua ikisomba mbegu, mwalimu mkuu ataandika nini? Vitabu vya shule vina mahali pa chaki, pa ukarabati, pa karatasi za mitihani. Mahali pa hasara ya watoto sita hapapo, na mkaguzi atauliza. Mwalimu mkuu mwenye busara, akiogopa swali hilo, atamwambia mwalimu wa EK asimamie mwenyewe lile tuta ili lisiharibike, na watoto watarudi kushika majembe.